Uzee wa Dukani: Fani na Maudhui ya Saa za Kuzamia

Ndugu msomaji, usishtuke. Jarida halijageuka duka la saa. Kilichotuleta huku ni neno moja ambalo sisi tunaoandika tunalipenda kupita kiasi: toleo. Kitabu huwa na toleo la kwanza, toleo la pili, toleo lililosahihishwa. Siku hizi saa za mkononi nazo zina matoleo. Kampuni inaichukua saa iliyoiunda miaka sitini iliyopita, inaiunda tena kwa sura ileile, inaichapa namba mgongoni kuonyesha kwamba ziko chache, halafu kabla mwaka haujaisha inatoa nyingine chache. Duniani wako watu wanaozikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu. Hata huku kwetu Kasulu na Kibondo, kijana mwenye simu anaweza kukutajia majina ya saa hizo moja baada ya jingine, ingawa hajaishika hata moja.

Basi kitu chenye toleo, chenye mtunzi na chenye hadhira, kinahakikika. Na katika uhakiki tuliofundishwa shuleni, swali la kwanza ni lilelile: fani yake nini, maudhui yake nini, na je, vinasaidiana? Nataka kuliuliza swali hilo juu ya saa za kuzamia, maana hizo ndizo zinazotolewa upya kwa fujo. Hoja yangu niiseme mapema, usije ukaitafuta hadi mwisho: kitu cha kale kikitolewa upya, mara nyingi kinachorudi ni sura, na kazi yake inabaki kaburini. Ugonjwa huo haujawapata wenye maduka ya saa peke yao. Umetupata na sisi.

PUMZI NDIYO ILIKUWA MAUDHUI

Tuanze na asili. Mwaka 1953 kampuni ya Blancpain ya Uswisi ilitoa saa iliyoitwa Fifty Fathoms. Ukiliweka jina hilo katika Kiswahili cha wavuvi unapata Pima Hamsini, yaani kama mita 91. Mkuu wa kampuni hiyo, Jean-Jacques Fiechter, alikuwa mzamiaji yeye mwenyewe. Wakati huohuo maofisa wawili wa Ufaransa, Robert Maloubier na Claude Riffaud, walikuwa wakiunda kikosi cha wanajeshi wazamiaji, nao walitafuta saa itakayowafaa chini ya maji. Mahitaji yakakutana. Rolex nao walileta Submariner yao miaka hiyohiyo. Mwaka 1965 Seiko ya Japani ikatoa saa yake ya kwanza ya kuzamia, ya mita 150, ambayo ilivaliwa na Wajapani waliokwenda kufanya utafiti Antaktika.

Itazame sasa fani yake. Uso mweusi wenye alama kubwa nyeupe, kwa sababu chini ya maji mwanga ni haba. Rangi inayong'aa gizani, kwa sababu hiyohiyo. Kifuniko kilichobanwa ili maji yasipenye. Na juu ya yote ile pete inayozunguka kioo, yenye pembetatu na tarakimu hadi 60. Mzamiaji anapoingia majini huipeleka pembetatu pale ilipo akrabu ya dakika. Tangu hapo pete inamwambia ni dakika ngapi za hewa amekwisha kuzila. Katika saa za miaka ya karibuni pete hiyo huzunguka upande mmoja tu. Ikigongwa kwenye mwamba kwa bahati mbaya, itamwonyesha kwamba amekaa chini muda mrefu kuliko alivyokaa, naye atapanda mapema. Chombo chenyewe kimefundishwa kwamba kikikosea, kikosee upande wa uhai.

Hiyo ndiyo fani. Maudhui yake ni pumzi ya mtu. Hakuna alama pale iliyowekwa ili ipendeze. Ikapendeza kwa sababu ilikuwa na kazi. Nionyeshe ubeti wenye nidhamu hiyo nami nitaukariri.

Halafu, katika miaka ya 1980, zikaja kompyuta ndogo za kuzamia, na polepole zikaichukua kazi ile. Saa ikabaki na sura ya mfanyakazi asiye na kibarua. Hapo ndipo biashara ya kumbukumbu ilipopata mlango.

RANGI YA UZEE

Mwaka 2007 Longines wakatoa Legend Diver, iliyofuata saa yao ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 2015 Oris wakatoa Divers Sixty-Five, na jina lenyewe linakupeleka mwaka 1965. Mwaka 2017 Omega wakairudisha Seamaster 300 ya 1957, nakala 3,557. Mwaka huohuo Seiko wakairudisha ile ya 1965, nakala 2,000. Mwaka 2020 Seiko hao hao wakarudi na saa tatu za kale kwa mpigo, kila moja nakala 1,100. Orodha ni ndefu. Hizi zinatosha kwa ushahidi.

Tuwatendee haki. Saa ya zamani hasa, ile ya 1953 au 1965, bei yake leo si ya mtu wa kawaida, na ukiipata unaogopa hata kunawia mikono ukiwa umeivaa. Baadhi ya zile za awali ziling'aa kwa radiamu, madini yenye mionzi, na si kitu cha kuchezea. Toleo jipya lina kioo kigumu na mashine bora, na unaweza kuogelea nalo bila wasiwasi. Mtu anayeipenda sura ile akainunua na kuivaa, sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu uko kwenye rangi. Katika saa za kale ile rangi ya kung'aa ilikuwa nyeupe au ya kijani kibichi, na kwa miaka mingi ikageuka kuwa ya kahawia, kama ukurasa wa kitabu kilichokaa darini. Ukahawia ule ulikuwa ni wasifu: jua fulani, jasho fulani, miaka fulani. Sasa viwanda vinachanganya rangi mpya iwe ya kahawia tangu siku ya kwanza. Saa imetoka kiwandani Jumatatu, na Jumanne tayari ina sura ya kustaafu. Huo ndio uzee wa dukani. Vijana wa mjini wana neno lao la mtu anayejitokeza ili aonekane tu: anauza sura. Saa hii inauza sura ya babu yake.

Mfano unaouma zaidi ni huu. Tangu mwaka 1996 Seiko walikuwa na saa ya kuzamia ya watu wa kawaida, SKX007, iliyostahimili mita 200. Mwaka 2019 walitoa saa mpya katika familia ya Seiko 5 yenye umbo, pete na akrabu zinazofanana nayo. Mita zikashuka zikawa 100, na kifungo cha pembeni kikaacha kukazwa kwa kuzungushwa. Fani ilibaki, maudhui yakapungua nusu. Kwa mtu anayevaa mjini haidhuru kitu. Lakini sisi ni wahakiki, na mhakiki lazima aone pale umbo linapoendelea kusimulia kazi ambayo chombo hakiifanyi tena.

UADIMU WA KUTANGAZWA

Sasa tuje kwenye neno adimu. Mwaka 2020 familia hiyo ya Seiko 5 ilitoa toleo maalum kwa ajili ya gemu la ngumi la Street Fighter V: saa sita tofauti, kila moja nakala 9,999. Piga hesabu. Ni karibu saa 60,000, na zote zinaitwa chache. Halafu likaja toleo la katuni, likaja la pikipiki, likaja la mitindo. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Harusi ikifanyika kila wiki katika nyumba moja, majirani wataacha kupika.

Uadimu wa kweli hautangazwi siku ya kuzaliwa. Miaka ya 1970 Sultan Qaboos wa Oman, aliyetawala tangu 1970 hadi alipofariki mwaka 2020, aliagiza saa za Rolex kupitia duka la Asprey la London, baadhi zikiwa za kuzamia, zikiwa na nembo ya khanjari usoni. Hakuziuza, alizitoa zawadi kwa watu waliomtumikia. Ndio miaka ambayo Waswahili wengi wenye asili ya Oman walikuwa wakihamia Muscat kutoka Zanzibar na pwani yetu, kwa hiyo habari hii si ngeni kwenye baraza za Kiswahili za kule. Leo saa hizo zinagombewa kwenye minada ya Ulaya. Lakini uadimu wake haukutoka kwenye namba. Ulitoka kwenye mkono uliotoa na mkono uliopokea.

Na huku kwetu milimani? Katika nyumba za walimu wastaafu, waganga wa zahanati na makarani wa zamani unaweza kukuta Seiko 5. Saa hizo zilianza kutengenezwa mwaka 1963, zikamwagwa duniani kwa wingi usiohesabika. Haikuwahi kuwa toleo maalum la kitu chochote. Hata hivyo ile iliyobaki kwenye kabati la mwalimu ndiyo adimu, maana imepita miaka ya uhaba wa bidhaa, imepita kwa mafundi watatu, imebadilishwa kioo, na kamba yake ya sasa si ile iliyokuja nayo. Kiwanda hakikujua kwamba kinatengeneza kitu adimu. Maisha ndiyo yaliyopunguza nakala.

Kuna na nyingine, ambazo kuzitaja lazima mtu apunguze sauti. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia Kongo. Warundi wamepita Mtabila, iliyofungwa mwaka 2012, wamepita Mtendeli, iliyofungwa mwaka 2021, wamepita Nduta, Kibondo. Mtu anayekimbia usiku habebi kabati. Saa huvuka mpaka kwa sababu imefungwa mkononi, na ikifika ng'ambo ni mojawapo ya vitu vya kwanza kuuzwa, maana chakula hakingoji. Ile ambayo haikuuzwa, ikabaki, ni toleo la nakala moja. Hakuna mkusanyaji anayeweza kuiagiza.

KILICHOFUNGWA NA KINACHOFUNGULIKA

Fundi saa wa sokoni unamfahamu: meza ndogo, kioo jichoni, bisibisi nyembamba kama sindano, na kopo la saa zilizokufa ambamo anachukua vipuri vya kufufulia nyingine. Kwangu mimi huyo ni mhakiki wa kwanza wa saa yoyote. Haulizi toleo la ngapi. Anauliza: inafunguka?

Mwezi Septemba 2023 Blancpain waliungana na Swatch wakatoa Pima Hamsini ya bei nafuu, kama dola 400, rangi tano, kila rangi na jina la bahari. Watu walipanga foleni mijini Ulaya na Asia. Nilivyoona mimi, kushusha jina kubwa hadi mikononi mwa vijana ni jambo la kupongezwa, na wenyewe waliweka mita 91 zilezile, jambo la heshima. Lakini mashine iliyomo ndani, Sistem51, imeundwa na mitambo na kufungwa moja kwa moja. Haikukusudiwa kufunguliwa na kusafishwa. Ikichoka, imechoka.

Fikiria basi: saa inayodai urithi wa miaka 70 imejengwa bila mlango wa kumwingiza fundi. Ile Seiko ya mwalimu, ambayo haidai urithi wowote, ina mlango. Urithi usiofunguka hauwezi kurithiwa. Unaweza kutazamwa tu mpaka siku unaposimama.

Hapa kuna somo kwa yeyote anayeandika. Shairi linalofungwa ili lisiguswe, lenye misamiati iliyokazwa asiyeijua asiingie, linaweza kung'aa dirishani. Lakini msomaji hana pa kuliingilia, na kizazi kijacho hakitakuwa na cha kukitengeneza.

PEMBETATU KWENYE SITA

Kuna anayecheka: mtu wa Kasulu, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ana shida gani na saa ya kuzamia? Mimi sicheki. Kwanza, ukishuka kutoka huku kwenda Kigoma mjini unakutana na Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake ni mita 1,470, zaidi ya pima 800. Kwa kina hatuna wa kutufundisha barani Afrika. Pili, chombo ni cha anayekijua kukitumia.

Jaribu hili. Saa zote tunazovaa zimeandikwa kwa hesabu ya Wazungu: akrabu inasema saba, sisi tunasema saa moja asubuhi. Kila Mswahili anafanya tafsiri kichwani mara ishirini kwa siku bila kujua. Sasa chukua saa ya kuzamia, zungusha pete mpaka pembetatu ikae kwenye sita. Ikifika saa moja asubuhi, akrabu ya saa itakuwa imeelekea tano ya kwenye pete. Saa mbili, kumi. Saa tatu, kumi na tano. Gawa kwa tano tu. Saa sita mchana, akrabu iko thelathini. Pete iliyobuniwa kuhesabu pumzi ya mwanajeshi wa Kifaransa inahesabu saa za mchana za Kiswahili, zinazoanza jua linapochomoza.

Hakuna kampuni iliyotoa toleo maalum kwa jambo hilo, na hatuhitaji litolewe. Ni fani ya zamani iliyopewa kazi mpya na mvaaji mwenyewe. Kwenye meza za magulio yetu, lakini, utakuta saa za bei poa zenye pete ya kuzamia iliyogandishwa: imechorwa, imechongwa, haizunguki. Hizo ndizo zinazonisikitisha kuliko feki zote. Jina la bandia tunaweza kulisamehe. Pete isiyozunguka ni fani iliyokufa ganzi.

TOLEO LA PILI LA MELI

Tunao mfano wetu wa kitu cha kale kilichotolewa upya, na kiko Kigoma. Meli ya Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa ndani ya makasha, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wakiwa wanakimbia waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito, wakitumaini kwamba siku moja watarudi. Hawakurudi wao. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaingia kazini ikiwa na jina jipya, Liemba. Ilishuka maji kama chombo cha vita. Ilipanda ikawa ya abiria, samaki, mahindi na maharusi. Katika miaka ya 1970 ikaondolewa injini za mvuke, ikatiwa za dizeli.

Nauliza: hiyo ni ileile au ni nyingine? Mkusanyaji wa saa angelalamika kwamba imepoteza uasili: jina limebadilishwa, injini zimebadilishwa, kazi imebadilishwa. Abiria wa Kipili na Kasanga asingeelewa malalamiko hayo. Aliopolewa chuma akapewa kazi, akaifanya kwa miongo mingi. Kwangu mimi hilo ndilo toleo la pili lenye haki ya kuitwa hivyo. Na grisi ile ndiyo siri yake: waliokizamisha chombo walifikiria atakayekifungua.

NA SISI JE?

Mwaka 1974 Kezilahabi alipotoa Kichomi, wanamapokeo walisema anaua ushairi kwa kuacha vina na mizani. Malumbano yale yalitulea sote. Lakini siku hizi naona ugonjwa ambao pande zote mbili hazikuujadili sana: chipukizi wa miaka ishirini anayeandika vina na mizani kwa rangi ya kahawia. Anaokota maneno ambayo bibi yake hakuyatumia, anayapanga ili shairi lionekane limekaa darini. Vina vyenyewe havina kosa; vilikuwa pete inayozunguka, vilimsaidia mtu kukariri na kujibizana. Ukivitumia kujibizana na Kasulu ya leo, na bodaboda, na bei ya maharage, na jirani aliyeko kambini tangu 1996, pete itazunguka. Ukivitumia kuonekana mzee, umegandisha.

Na tuliache lile gonjwa la pili, la kutoa vijitabu vya nakala mia moja zenye namba na sahihi, tukijivunia kwamba ni chache. Kibondo vitabu vya hadithi vya Kiswahili ni vichache bila mtu yeyote kuvipunguza. Mwenzangu, uchache tunao wa kutosha. Kinachotakiwa ni kitabu kitakachopita mikono arobaini, kikatoka jalada, kikabandikwa gundi, kikaendelea kusomwa. Hicho ndicho mkusanyaji wa baadaye atakitafuta, na sisi wala hatutakuwa tumekusudia.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hiyo, kabla ya kulishangilia toleo lolote, la saa au la shairi, liulize maswali matatu ya sokoni: linafanya kazi gani, linafunguka, na pete yake inazunguka? Na kama nyumbani kwenu iko saa iliyokaa kabatini, usitutumie picha. Tuandikie ukurasa mmoja: nani aliivaa, ilisimama lini, fundi gani aliifungua na alikuta nini ndani. Kurasa hizi ziko wazi.